Mtoto akiitwa kambini, usifiche ugonjwa wake

Shule zinapokaribia kufungwa mwezi Juni, kuna karatasi ambayo wanafunzi huisubiri kuliko hata matokeo ya mtihani. Ni orodha ya majina ya waliochaguliwa kuingia kambini. Ukiwa mzazi hapa Masumbwe, unajua mtoto anavyorudi nyumbani siku hiyo. Haingii mlangoni, anaruka. Anaanza kuomba viatu, soksi na begi la kuazima kwa binamu.

Lakini ipo nyumba ambayo habari hiyo njema huleta ukimya. Mtoto ana siko seli, au pumu, au kifafa. Mama anawaza, "Nikisema, watamkata jina. Nikinyamaza, atakwenda na Mungu atamlinda." Na mtoto mwenyewe amekwisha kumnong'oneza, "Mama, nakuomba, usimwambie mwalimu."

Makala ya leo ni kwa ajili ya nyumba hiyo. Nina neno moja tu, na mengine yote yanalifafanua: mwambie mwalimu. Mwambie kabla ya safari, kwa mdomo na kwa maandishi. Ugonjwa unaojulikana unaweza kupangiwa utaratibu. Uliofichwa hujitangaza wenyewe, mara nyingi saa nane usiku, mtoto akiwa mbali na wewe.

Kambi ina mambo yake

Wengi tunazifahamu kambi hizi kupitia UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mchujo huanzia shuleni, ukaenda kata, wilaya na mkoa, hadi taifa. Mtoto anayeanza kucheza kwenye uwanja wa vumbi hapa Mbogwe anaweza kujikuta upande mwingine wa nchi. Mwaka 2021 fainali za taifa zilikuwa Mtwara, mwaka 2022 zikawa Tabora. Yapo pia mashindano mengine ya shule, ya mpira, riadha, netiboli, hata sataranji, ambayo wengi huiita chesi. Nitairudia baadaye, kwa sababu inamhusu mtoto ambaye daktari amesema asikimbie.

Popote kambi ilipo, maisha yake yanafanana. Watoto hulala wengi pamoja, mara nyingi madarasani, magodoro yakiwa sakafuni. Huamka alfajiri na kufanya mazoezi asubuhi na jioni. Chakula kina saa yake, na anayechelewa hukosa. Maji ya kunywa yanaweza kuwa mbali na uwanja. Juni kwetu ni kiangazi: mchana jua na vumbi, usiku upepo na baridi. Kwa mtoto mzima huo ni uchovu wa kawaida. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwasha moto.

Siko seli na siri ya godoro

Tuanze na siko seli, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi nchini. Inakadiriwa kuwa kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu. Ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Haiambukizi, wala si laana ya ukoo.

Chembe nyekundu za damu za mtoto huyu, badala ya kubaki duara na laini, hujikunja kama mundu na kuwa ngumu. Zikikwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na hapo huja yale maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Mambo yanayozifanya zijikunje yanajulikana: upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu uliopitiliza, na maambukizi kama malaria. Soma tena orodha hiyo, kisha soma tena maisha ya kambi niliyoyaeleza juu. Utaona kwa nini nasisitiza.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Siko seli huathiri pia figo. Figo za mtoto huyu hushindwa kubana maji, kwa hiyo hukojoa mara nyingi na mkojo wake huwa mwepesi. Ndiyo maana watoto wengi wenye siko seli hukojoa kitandani hata wakiwa na umri ambao wenzao wameacha. Huo si uvivu wala ukaidi, na fimbo haiutibu.

Mpeleke mtoto huyo kambini, alale godoro moja na wenzake wawili. Atafanya nini? Ataacha kunywa maji. Kuanzia saa kumi jioni hatagusa kikombe, ili asubuhi asichekwe. Na hivyo, kwa kukwepa aibu, anakausha mwili wake mwenyewe usiku wa baridi. Alfajiri maumivu yanaanza. Mwalimu asiyejua lolote anaona mtoto anayelia kwamba miguu inauma siku ya mazoezi, naye anamwambia aache kudeka.

Mwalimu huyo hana ubaya. Amenyimwa taarifa. Angejua, angempa mtoto nafasi karibu na mlango, godoro la peke yake lenye nailoni juu yake, na ruhusa ya kutoka usiku akiwa na mwenzake bila kuuliza. Angemhimiza anywe maji mchana kutwa. Wala usimwambie mtoto apime kwa rangi ya mkojo kama tunavyowashauri watu wengine. Kwake mkojo unaweza kuwa mweupe huku mwili ukiwa umekauka. Anywe kidogo kidogo kila mara, hata kabla ya kusikia kiu.

Je, mtoto mwenye siko seli anaruhusiwa kucheza? Wengi wanaruhusiwa, tena mchezo ni mzuri kwa afya yao, mradi wapumzike wanapochoka, wanywe maji, wasibaki na jezi iliyolowa jasho kwenye baridi, na wasilazimishwe kumaliza mizunguko ya uwanja kama adhabu. Lakini uamuzi utokane na vipimo vya mtoto wako. Mpeleke kliniki anakohudhuria wiki mbili kabla ya safari, apimwe wingi wa damu, aangaliwe bandama, na daktari aseme anaweza lipi na lipi aliache. Kama anatumia haidroksiurea au foliki asidi, dawa isikatike hata siku moja kwa sababu ya kambi.

Pumu na kifafa

Mtoto mwenye pumu hubanwa zaidi na vumbi, moshi, hewa ya baridi ya alfajiri na mbio za ghafla. Asiende bila dawa yake ya kuvuta, ile pampu. Ikae mfukoni mwake au kwa mwalimu aliye uwanjani. Isifungiwe kwenye sanduku bwenini. Muulize daktari kama aivute kabla ya mazoezi. Kabla hujamwaga, mtazame mtoto akiitumia. Wengi hubonyeza dawa ikaishia mdomoni. Akibanwa, akae wima, asilazwe chali. Avute dawa kama alivyoelekezwa, na akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hiyo si ya kusubiri, ni ya kukimbiza kituo cha afya.

Kwa mtoto mwenye kifafa, adui mkubwa kambini ni kukosa usingizi na kuruka dozi. Soga za usiku bwenini ni tamu, lakini yeye anahitaji kulala mapema. Asiogelee peke yake, asipangiwe zamu ya kupika kwenye moto. Akianguka, wenzake waondoe vitu vigumu karibu naye, wamlaze ubavu, waangalie saa. Wasimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Na tuliseme waziwazi: kifafa hakiambukizi. Mate yake hayana madhara. Watoto wengi wameachwa chini wakitapatapa kwa sababu wenzao waliogopa kuwagusa.

Malaria husafiri na timu

Sisi wa Geita hatuna haja ya kuhubiriwa sana kuhusu malaria. Utafiti wa taifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kati ya watoto wa chini ya miaka mitano, takriban asilimia 17 mkoani kwetu walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 7. Utafiti wa mwaka 2022 uliuweka Tabora juu kuliko mikoa yote. Kwa hiyo mtoto anaweza kuondoka nayo nyumbani au kuikuta anakokwenda.

Begi la kambi liwe na chandarua chenye dawa, pamoja na kamba na misumari michache ya kukifungia darasani. Mtoto akipata homa asinunuliwe vidonge dukani kwa kukisia. Apimwe. Ikithibitika ni malaria, dawa ya mseto imezwe hadi iishe, siku zote tatu, hata kama siku ya pili anajisikia kucheza. Kwa mwenye siko seli, malaria inaweza kushusha damu haraka sana. Kwake homa yoyote ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya kituo cha afya usiku huohuo.

Asiyeweza kukimbia naye awe na timu

Sasa tumfikirie mtoto ambaye daktari amesema, baada ya vipimo, kwamba mbio na mpira si vyake. Wazazi wengi hapo humfungia ndani. Anabaki akitazama wenzake wakipanda gari, na huzuni inamla kimyakimya. Na huzuni nayo ni ugonjwa.

Kuna michezo ya kukaa. Wasukuma wana isolo, mchezo wa kete ambao wazee wetu waliucheza kwenye vishimo vya ardhini. Pwani wana bao. Na ipo sataranji, ambayo imefika shuleni Kenya, Uganda na hapa kwetu, ikiwa na timu, mashindano na kambi zake kama michezo mingine.

Wengi wamesikia habari za Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa duni wa Kampala. Mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka kama tisa, alimfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende alikuwa akifundisha watoto sataranji. Hakuifuata sataranji. Alifuata kikombe cha uji ambacho watoto walipewa. Mwaka 2010 alikuwa kwenye timu ya Uganda katika Olimpiadi ya sataranji mjini Khanty-Mansiysk, Siberia, na mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, alipata daraja la umahiri linalotambuliwa kimataifa. Mwaka 2016 filamu kuhusu maisha yake ilionyeshwa duniani kote.

Mimi kama mtu wa afya, katika hadithi hiyo huvutiwa zaidi na ule uji. Mwalimu yule alielewa kwamba kichwa hakifanyi kazi juu ya tumbo tupu. Tusidanganyike kwamba mchezo wa kukaa hauchoshi. Mchezo mmoja wa mashindano makubwa unaweza kupita saa tatu, na kwa siku moja timu ya shule inaweza kucheza michezo kadhaa mifupi. Mtoto aliyelala saa nne na kunywa chai ya rangi tupu atafanya makosa mchana, na tutasema hana akili.

Na hata hapo ile siri ya godoro inarudi kwa sura nyingine. Mbele ya ubao kuna saa inayohesabu dakika za kila mchezaji. Mtoto mwenye siko seli akijua kwamba akinyanyuka kwenda chooni saa yake inaendelea kwenda, ataacha kunywa maji tangu asubuhi. Atakaa saa nyingi miguu ikining'inia, ndani ya ukumbi wenye upepo, mwili umekauka. Mwalimu anayejua atamwekea chupa ya maji mezani, atamvalisha sweta, atamwonyesha choo kilipo kabla mchezo haujaanza, na kati ya mchezo na mchezo atamtembeza kidogo. Asiyejua atamsifu kwa utulivu wake.

Kwa hiyo sataranji si mahali pa kuficha ugonjwa. Ni mahali pengine pa kuusema.

Barua ya nusu ukurasa

Najua kuwaambia wazazi "ongeeni na mwalimu" ni rahisi, lakini kulifanya si rahisi. Mwalimu ana watoto arobaini na gari linawaka. Ndiyo maana nashauri uandike. Tumia karatasi ya daftari, maneno machache, mfano huu:

"Mwalimu, mwanangu ana siko seli. Anameza dawa hizi kila asubuhi, ziko kwenye mfuko wa kijani. Anahitaji maji mara kwa mara na ruhusa ya kwenda chooni muda wowote, mchana na usiku. Asilowe, asipigwe na baridi, akichoka apumzike. Akiumwa mifupa apewe maji mengi na paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, afunikwe, asiwekewe barafu. Akipata homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kusema, apelekwe hospitali mara moja, usinisubiri mimi. Naomba jambo hili libaki kati yetu na wanaomhudumia."

Kwa mtoto wa kiume ongeza, uume ukisimama kwa maumivu bila kushuka, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mwambie na yeye mwenyewe kabla hajaondoka, kwa maneno ya kawaida, ili asione haya kusema. Mwenye pumu au kifafa, badilisha maelezo kulingana na hali yake.

Chini ya barua weka namba za simu mbili, wala usiweke moja. Kwetu hapa baba anaweza kuwa machimboni Nyakafuru, ndani ya shimo ambamo simu haishiki, na mama yuko shambani akivuna. Namba ya pili iwe ya mjomba, shangazi au jirani ambaye hupatikana na anayejua habari za mtoto. Kama mtoto anaishi na bibi, bibi naye asomewe barua hiyo. Weka pia nakala ya kadi ya kliniki, na kadi ya bima kama anayo.

Mpe mwalimu barua mkononi, siku chache kabla ya safari, na umwombe aisome ukiwepo. Muulize maswali matatu: nani anatunza dawa za watoto, kituo cha afya cha karibu na kambi kiko wapi, na usiku kuna gari gani. Mwalimu mzuri hatakasirika.

Na kama jina lake litakatwa?

Hili ndilo linalowafunga wazazi midomo, na siwezi kukuambia halitokei. Wapo walimu ambao wakisikia neno kifafa au siko seli huogopa lawama na kumwacha mtoto. Ikitokea, usirudi nyumbani kimya. Omba kliniki ikuandikie barua inayosema wazi mtoto anaweza kufanya nini. Hofu ya mwalimu mara nyingi hupungua akiona maandishi ya daktari kuliko machozi ya mzazi. Mweleze mwalimu mkuu. Pendekeza mchezo mwingine kama ule wa kwanza hauwezekani.

Walimu nanyi nawaomba: mtoto akisema ukweli asiadhibiwe kwa kuukata mlango wa kambi. Mkimwacha mmoja kwa sababu alisema, mwaka unaofuata kumi watanyamaza, na mtasafiri na hatari msizozijua.

Ukishafanya yote hayo na daktari akasema mwaka huu hapana, kaa na mwanao umweleze sababu kwa upole. Asijione ameadhibiwa. Mwanzishieni mchezo wa nyumbani, vishimo vya isolo uani au ubao wa sataranji uliochorwa kwenye boksi, vizibo vya soda vikiwa askari. Mwakani apimwe tena.

Jioni ya kabla ya safari, unapomfungia begi, muulize mtoto swali moja: "Ukizidiwa usiku, utamwamsha nani?" Akikujibu kwa jina, na huyo mwenye jina anajua kwa nini ataamshwa, mwache aende. Akinyamaza, vaa kanga yako urudi kwa mwalimu. Bado kuna muda.